Lewis Waterman, mtu wa kalamu ya wino: hadithi ya tone na ukweli ulioandikwa juu ya kalamu zake

Ukiuliza watu nani alitengeneza kalamu ya wino ya kwanza, wengi watakujibu Waterman, kiisha watakupigia hadithi moja. Eti mwaka 1883, katika mji wa New York, wakala mmoja wa bima, ile sisi huku tunaita asiransi, alikuwa na mkataba mkubwa mkononi. Akamnyooshea mteja kalamu mpya ya wino ili atie sahihi. Kalamu ikakataa kuandika, kiisha ghafula ikatapika wino wote juu ya karatasi. Wakala akakimbia kutafuta karatasi nyingine. Aliporudi, akakuta mshindani wake ameisha kuja na mkataba wake, na mteja ametia sahihi. Kwa hasira ile, wakala Lewis Edson Waterman akaapa kutengeneza kalamu isiyomwaga wino.

Ni hadithi tamu, na imeandikwa katika vitabu vingi. Shida ni moja tu: watu waliochimbua magazeti na kumbukumbu za wakati ule hawakuikuta Waterman akiwa hai. Ilianza kusimuliwa katika matangazo ya kampuni yake wakati yeye mwenyewe alikuwa ameisha kufa. Mtu wa kweli hakuwa shujaa wa siku moja, na alichofanya kinaonekana hata leo kwa mwenye kujua kusoma alama za kalamu zake.

Waterman alizaliwa tarehe 18 Novemba 1837 katika kijiji cha Decatur, jimbo la New York, Marekani. Hakusoma sana. Akiwa kijana, familia ilihamia Illinois, na kutoka hapo maisha yake yakawa ya kubadilisha kazi kila mara. Alifundisha shule, aliuza vitabu, alifundisha watu kuandika kwa mkato, yaani yale maandishi ya haraka ya makarani, na mwisho akaingia katika bima. Kazi zote hizo zinataka mtu wa kuongea na wa kuandika. Hakuna mahali alipojifunza ufundi wa chuma ao wa mpira. Alipofika kwenye kalamu alikuwa na umri wa miaka 45 hivi, umri ambao wengi wanaanza kuhesabu walichokosa.

Tena, kalamu yenye wino ndani hakuivumbua yeye. Mwanafunzi Mromania, Petrache Poenaru, alipata hati ya uvumbuzi, yaani breve, huko Paris tangu mwaka 1827. Baada yake wakaja wengine wengi. Na biashara ile ya New York yenyewe, watafiti wanaonyesha kwamba ilianzishwa na muuza kalamu mwingine, Frank Holland, ambaye aliiacha baada ya majuma machache tu. Waterman akaichukua. Kwa hiyo hakukuwa na tone la wino wala kiapo. Kulikuwa na kazi iliyoachwa na mtu mmoja, na mwingine akaona kwamba inaweza kutengenezwa vizuri zaidi.

Alichotengeneza ndicho kinachostahili kukumbukwa. Kalamu za wakati ule zilikuwa na ugonjwa mmoja. Wino ukitoka ndani ya kalamu, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo wino unakwama. Ni sawa na kibidoni cha mafuta chenye tundu moja: ukikiinamisha, mafuta hayatoki sawasawa, yanakwama, kiisha yanaruka glug-glug na kukumwagia nguo. Ndiyo maana muuzaji wa mafuta anatoboa tundu la pili juu. Lakini kwenye kalamu huwezi kutoboa tu, juu ya wino utapita hapo pia.

Waterman alichukua kile kipande chembamba kinachokaa chini ya ncha, tukiite ulimi, akachonga mfereji ndani yake. Kiisha, chini ya mfereji ule, akakata mistari myembamba sana, kama ya wembe. Wino unapenda kutambaa wenyewe katika nafasi nyembamba, kama vile mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Basi wino ukawa unashuka polepole kupitia ile mistari, na hewa inapanda kupitia mfereji. Kila kimoja na njia yake. Mkono ukisimama, wino unasimama. Mkono ukiendelea, wino unafuata. Hakuna risorti, hakuna pampu, hakuna kitu cha kuvunjika. Hati ya uvumbuzi aliipata tarehe 12 Februari 1884, na nyingine tarehe 4 Novemba mwaka uleule.

Alianza biashara nyuma ya duka la sigara kwenye Fulton Street, New York. Mwaka ule wa kwanza ziliuzwa kalamu kama 200 tu, zilizotengenezwa kwa mkono. Kilichomwinua ni matangazo katika magazeti makubwa. Barua za kuagiza zikaanza kuingia kutoka miji ambayo hakuwahi kufika. Hapo yule muuza bima wa zamani alikuwa nyumbani kwake: alijua namna ya kuongea na mteja asiyemwona. Kampuni L. E. Waterman ikakua, na kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, mwaka 1900, kalamu zake zikapata medali ya dhahabu. Yeye akafa tarehe 1 Mei 1901, akiwa na miaka 63.

Kampuni ilishikwa na mtoto wa ndugu yake, Frank D. Waterman, naye alikuwa mfanyabiashara mkali kuliko hata mzee. Ni wakati wake kalamu za Waterman zilienea dunia nzima, na ni wakati wake pia ile hadithi ya tone ilianza kuzunguka. Mwanzilishi aliyekufa hawezi kusahihisha tangazo. Kila aliyeisoma aliinakili, na aliyenakili alinakiliwa na mwingine, mpaka ikawa historia.

Tarehe inayodanganya

Kalamu zenyewe, kinyume na matangazo, zinasema ukweli, lakini paka ujue kuzisoma. Watu wengi wanakosea hapo. Mtu anafungua sanduku la babu aliyekuwa karani, anakuta kalamu nyeusi, anaisafisha, anaona mwaka 1884 umechorwa juu ya mwili. Anaanza kuhesabu utajiri: kalamu ya zaidi ya miaka mia na arobaini! Ama muuzaji mjanja anamwonyesha mnunuzi tarehe ile kama cheti cha kuzaliwa, na bei inapanda mara tatu.

Ile tarehe ni ya hati ya uvumbuzi. Siyo ya kalamu. Kampuni iliendelea kuichora miaka na miaka ili kuwaogopesha wenye kuiga. Inachokuambia ni kwamba kalamu haikutengenezwa kabla ya hapo. Haisemi ni lini baada ya hapo. Kama kuna tarehe nyingi, shika ile ya mwisho. Ukiona 4 Agosti 1903, basi ujue mzee Waterman hakuiona kalamu hiyo, juu ya alikuwa kaburini tangu miaka miwili. Tarehe ile ni ya ulimi mpya wenye vijishimo pembeni kama vijiko, vya kushika wino unaozidi. Ukitoa ncha na kuona vile vijiko, umepata shahidi wa pili.

Kishikizo cha kuning'iniza kalamu mfukoni nacho kinasaidia. Cha Waterman, kilichopigiliwa kwenye kifuniko kwa misumari midogo, hati yake ni ya tarehe 26 Septemba 1905. Lakini hapa tahadhari. Kalamu bila kishikizo siyo lazima iwe ya kabla ya 1905, kwa sababu mteja alichagua: akitaka, analipa zaidi, asipotaka, anaiacha. Na kifuniko kinaweza kupotea na kubadilishwa. Vilevile ncha. Ncha ya dhahabu ni kitu cha kwanza kuibiwa ama kuuzwa kando, na fundi anaweka nyingine yoyote inayoingia. Anayepima umri wa kalamu kwa ncha peke yake ni kama anayepima umri wa gari kwa tairi.

Kitu kisichobadilishwa kwa urahisi ni mwili, na kwenye kitako cha mwili Waterman walikuwa na tabia nzuri ya kuchora namba. Namba ile si ya mapambo. Tarakimu ya mwisho ni ukubwa wa ncha: 2 ni ndogo ya kawaida, 4 na 5 ni kubwa kidogo, 8 ni kubwa sana. Zile zinazotangulia zinasema namna kalamu inavyojazwa na inavyovalishwa. Namba 12 ni kalamu ya kutonea: unafungua, unatonea wino ndani kwa kibomba kidogo kama cha dawa ya macho. Ndiyo namna ya zamani za mzee mwenyewe. Namba 42 ni ile ambayo ncha inarudishwa ndani ya mwili kwa kuzungusha kitako, ili wino usimwagike mfukoni. Na 52 ni kalamu yenye kijiti cha chuma ubavuni. Ukikiinua, kinakandamiza mfuko wa mpira ulio ndani. Ukikiachilia, mfuko unavuta wino wenyewe.

Kijiti hicho hakikutoka kwa Waterman. Sonara mmoja wa Iowa, Walter Sheaffer, ndiye alipata hati yake mwaka 1908, na kalamu zake zilianza kuwanyang'anya wakubwa soko. Waterman walijaribu njia nyingine kwanza, mwishowe mwaka 1915 wakatoa kijiti chao, kilichofungwa ndani ya kisanduku kidogo cha chuma. Mwanzoni kalamu hizo walizichora 12 pamoja na herufi P.S.F. Mwaka 1917 wakapanga namba upya, na ile 12 P.S.F. ikawa 52. Hapo mwenye kalamu ya P.S.F. ana bahati: ameifunga kati ya 1915 na 1917 bila kubahatisha. Kati ya alama zote za Waterman, hiyo ndiyo yenye faida kuliko zingine, na wauzaji wengi hata hawaiangalii.

Namba ikiwa ndefu, usiogope. Ukiona 452, ile 4 ya mbele inasema mwili umevalishwa fedha, 5 ni kijiti, 2 ni ncha. Ukiona 0552, ile 05 ya mbele ni vazi la dhahabu nyembamba, siyo dhahabu tupu, hata kama muuzaji anaapa. Herufi V baada ya namba ni kalamu fupi ya mfuko wa kizibao. Na nusu, yaani 1/2, ni kalamu nyembamba.

Baadaye mambo yakabadilika tena. Mwaka 1927 ilitoka kalamu namba 7, ambayo utepe wa rangi kwenye kifuniko ulimwambia mteja ncha ni ya namna gani: nyekundu ya kawaida, kijani ngumu, pinki laini yenye kuchezacheza, na kadhalika. Mteja asiyejua kusoma Kiingereza angeweza kuchagua kwa rangi. Na ukiona mwili wa plastiki yenye rangi za kumeremeta kama jiwe, umeisha kutoka katika zama za mzee: kwa Waterman plastiki ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati washindani walikuwa wameisha kutangulia. Walishikilia mpira muda mrefu sana. Ni ukaidi uliowagharimu.

Mpira ule ulitoka wapi

Kalamu za Waterman mwenyewe zote zilikuwa za mpira mgumu: mpira wa miti uliochanganywa na salfa na kupikwa mpaka unakuwa kama pembe. Ni uvumbuzi wa Nelson Goodyear, Mmarekani, wa mwaka 1851. Wino wa wakati ule ulikuwa na asidi, ulikula chuma, lakini mpira mgumu haukuudhuru. Ndiyo maana bila mpira hakuna kalamu ya Waterman. Hata leo kuna njia rahisi ya kuutambua: sugua mwili kwa kidole kwa nguvu mpaka upate moto, kiisha unuse. Ukisikia harufu ya salfa, kama kiberiti, ni mpira. Tena mpira mweusi uliokaa juani ama majini unageuka rangi ya kahawia ama kijani cha zeituni. Watu wanafikiri ni uchafu, wanausugua kwa dawa ya meno mpaka maandishi yote yanafutika. Na maandishi yakifutika, kalamu imenyamaza.

Miaka ile ambayo kampuni ya Waterman ilikuwa inapanda, mahitaji ya mpira duniani yalipanda vilevile, zaidi kwa sababu ya tairi za baiskeli na za motokari. Sehemu kubwa ilitoka misitu ya Amazon, Brazil. Nyingine ilitoka huku kwetu. Tangu 1885 mpaka 1908 Kongo ilikuwa mali ya mfalme Léopold II, na katika misitu ya Équateur, makampuni kama ABIR na Anversoise yalilazimisha vijiji kuleta mpira kwa kipimo. Asiyefikisha alichapwa; wanawake walifungwa mpaka waume walete; watu walikatwa mikono, watu waliuawa. Mpira ulipanda meli kwenda Antwerpen, na kutoka soko lile uliingia viwandani mwa dunia. Vitu vingi vya mpira vya miaka ile, kubwa na ndogo, vilitoka katika soko hilohilo la dunia.

Juu ya kalamu ya wakati ule utakuta jina la mwenye hati, tarehe mpaka siku na mwezi, jina la mji wa New York, namba ya ncha. Mahali mpira ulipotoka hawakupachora. Mwaka 1904, ripoti ya konsuli Mwingereza Roger Casement ilipowekwa mezani London, iliandikwa kwa wino kama kawaida.

Dhamana ya miaka mia

Mwaka 1939 kampuni ya Waterman ilitoa kalamu ambayo ilipewa dhamana ya miaka mia moja. Hesabu rahisi: dhamana ingeisha mwaka 2039. Kampuni ya Marekani yenyewe haikufika hata miaka ishirini zaidi. Parker na Sheaffer waliisha kuipita, na baada ya vita ya pili kalamu ya kidoto, ile yenye kipira kidogo kwenye ncha, ilikuja kuwamaliza wote pamoja. Jina lilibaki hai Ufaransa, ambako Jules Fagard alianzisha kampuni ya JiF-Waterman tangu miaka ya 1920. Ukikuta kalamu yenye herufi JiF, ni ya upande huo, siyo ya New York. Huko Ufaransa ndiko walikotengeneza kifuko cha wino cha kioo cha kuingiza na kutupa, baba wa vile vya plastiki vya leo.

Kampuni ya Marekani ilinunuliwa mwaka 1958. Mnunuzi alikuwa Mfaransa, Marcel Bich, aliyekuwa anatafuta mlango wa kuingilia soko la Marekani na kalamu yake ya bei ya chini. Jina lake alilikata herufi ya mwisho ili litamkike sawa kila mahali, na ndilo hilo watoto wa shule wa Kongo wanaloita mpaka leo wanapotaka kalamu, hata kama ni ya kampuni nyingine: biki. Katika kiwanda cha Waterman huko Connecticut, baada ya muda mfupi, kalamu za wino ziliacha kutengenezwa.

Mwaka 2006, jina la Lewis Waterman liliandikwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani, kwa ajili ya ule ulimi wenye mistari myembamba wa tarehe 12 Februari 1884.